Tairi Gani Lafaa Wakati wa Kiangazi?

Mvua zimekwisha, mtama umevunwa, na barabara ya kwenda parokiani imekauka ikawa ngumu kama sakafu. Sasa ndio wakati wa baiskeli. Katekista huzunguka vigango vitatu badala ya kimoja, baba hupeleka gunia la karanga mnadani, mama hupakiwa nyuma na mtoto mgongoni kwenda kliniki. Toka Tabora mpaka Singida, toka Dodoma mpaka Shinyanga, kazi hiyo hufanywa na magurudumu mawili. Na magurudumu hayo, ukitazama vema, hugusa ardhi mahali pawili tu, kila mahali padogo kama kiganja cha mtoto. Habari ya hapo padogo ndiyo ninayotaka tuzungumze leo.

Yuko katekista mmoja nimjuaye, mtu mzima mwenye miguu ya kazi. Kila Jumapili baada ya ibada hupewa kazi ya kuwapelekea Komunyo wagonjwa na wazee wasioweza kutembea. Nyumba ni saba, na ya mwisho iko mbali, ng'ambo ya bonde. Mwaka mmoja, mwezi wa Juni, matairi yake yalikuwa yamechakaa, akaenda mjini kununua mapya. Akachagua yenye meno makubwa kama ya trekta. Aliyaona yana nguvu, na kweli kwa macho yalikuwa na nguvu. Lakini tangu siku ile njia ikawa ndefu. Mapaja yakamwuma, jasho likamtoka hata asubuhi, na mara mbili jua likamchwea kabla hajafika nyumba ya mwisho. Bibi mzee wa kule akakaa amejitanda kanga yake safi, akingoja, mpaka giza likaingia. Katekista alidhani ana malaria. Akaenda zahanati, akapimwa, malaria hakuna. Akadhani ni uzee. Kumbe hakuwa mgonjwa wala mzee, bali alikuwa akiyabeba yale meno.

Utauliza, meno ya mpira yawezaje kumchosha mtu? Mpe mtoto mpira wa kudunda, mwambie auachie toka kifuani. Utadunda, utarudi juu, lakini hautafika tena kifuani. Kiasi kilichopungua kimekwenda wapi? Kimeliwa na mpira wenyewe ulipojibonyeza na kujinyosha, kikageuka kuwa joto. Tairi lako hufanya hivyo hivyo. Kila sehemu yake ifikapo chini hubonyea, ikiondoka hunyoka, mara maelfu kwa maelfu katika safari moja, na kila mara hula kipande kidogo cha nguvu ya miguu yako. Tairi nene, gumu, lenye meno makubwa, lina mpira mwingi wa kubonyeza na kunyosha, kwa hiyo hula zaidi. Na yale meno, juu ya ardhi ngumu, kila moja hupinda upande kabla ya kuinuka. Ule mvumo uusikiao, vuuu, vuuu, unapopita juu ya lami au moramu iliyoshindiliwa, ni nguvu yako inayopotea ikipiga kelele.

Sisemi kwamba meno hayana kazi. Masika, katika udongo wa mfinyanzi, meno marefu yaliyoachana huuma tope na kulitema. Bila hayo utateleza, na madigadi itajaa udongo. Lakini kiangazi hakuna tope. Kuna ardhi ngumu, na juu yake changarawe za mviringo zilizolegea. Umewahi kukanyaga choroko zilizomwagika sakafuni? Kiatu chenye meno hakikusaidii hapo, maana sakafu haiumiki. Hali kadhalika jino la tairi haliwezi kuingia katika moramu kavu, nalo husimama juu ya kokoto likateleza pamoja nayo. Lifaalo kiangazi ni tairi ambalo katikati yake ni karibu laini, lina mistari tu, au vipele vifupi vilivyokaribiana kama meno ya tupa, na mabegani lina meno mafupi ya kushikilia unapokata kona. Ukienda moja kwa moja wapita juu ya ile sehemu laini. Ukiinama konani, yale ya pembeni yakukamata. Yale matairi ya mistari ya baiskeli kubwa za zamani, ambayo vijana huyacheka, ni mazuri sana kwa kazi hii. Ukiyakuta madukani, usiyadharau.

Na kwenye mchanga? Huko wala meno wala ulaini haukuokoi, bali upana.

Sasa naja kwenye jambo ambalo najua wengi watanipinga. Karibu kila fundi chini ya mwembe atakuambia, "Jaza upepo mpaka liwe jiwe, ndipo litakimbia." Juu ya lami safi maneno yake yana ukweli, maana tairi gumu hubonyea kidogo. Lakini wewe hupiti juu ya lami safi. Wapita juu ya mawe, mizizi, na vile vijituta vya barabara vinavyotetemesha meno kinywani. Tairi lililo gumu kama jiwe haliwezi kumeza kokoto, hivyo hulazimika kupanda juu yake. Basi kila kokoto hukuinua wewe, na baiskeli, na gunia la karanga, kidogo tu, kisha hukuangusha. Nani alipa gharama ya kuinuliwa huko? Miguu yako. Na mtetemeko unaoingia mwilini huishia katika nyama na mafuta ya mwili, haurudi tena kusukuma gurudumu. Tairi lenye upepo wa kadiri huizunguka kokoto, likaimeza, likapita, nawe ukabaki pale pale ukisonga mbele. Kwa hiyo katika barabara mbaya, kupunguza upepo kidogo huongeza mwendo. Jambo hili latushangaza, kwa kuwa mkono ukiminya tairi gumu hudhani lina mbio.

Nalo si jambo geni. Tairi la upepo lilianza kwa sababu hiyo hasa. Katika mwaka 1887, huko Belfast katika Ireland, daktari wa mifugo Mskoti jina lake John Boyd Dunlop alimwona mwanawe akitikisika juu ya kibaiskeli chake cha magurudumu matatu, chenye matairi ya mpira mgumu usio na kitu ndani. Akatengeneza mirija ya mpira, akaijaza upepo, akaifunga kwenye magurudumu, akaona kwamba gurudumu la upepo halikutikisika tu kidogo, bali lilibingirika mbali zaidi. Mwaka 1888 akapata hati ya uvumbuzi wake. Basi tukijaza upepo mpaka tairi likawa jiwe, twamrudisha yule mtoto kwenye baiskeli yake ya zamani.

Siku hizi hata wakimbiaji wa mashindano wameirudia habari hii. Yako mashindano makubwa ya baiskeli katika barabara za changarawe. Yale ya Emporia, katika jimbo la Kansas huko Marekani, yalianza mwaka 2006, na mwendo wake mkuu ni maili 200, yaani kilomita zaidi ya 320, juu ya mawe makali yanayokata matairi kama kisu. Kwa jirani zetu Kenya, tangu mwaka 2021 yako mashindano ya namna hiyo katika nchi ya Wamasai, upande wa Mara. Hapo kwanza wakimbiaji wengi walitumia matairi membamba ya milimeta 35 au 38, yamejazwa sana. Miaka ya karibuni wamehamia milimeta 45, na 50, na wengine zaidi ya hapo, na upepo wameupunguza. Wengi wao wameuacha hata mpira wa ndani. Hutia ndani ya tairi maji ya gundi yanayoziba tundu dogo lenyewe. Hayo sisi tuwaachie, maana yataka ringi na matairi ya namna ya pekee. Lakini upana na upepo wa kadiri ni mambo ya bure kwetu sote.

Kwa nini upana? Kwa sababu tairi pana laweza kuwa na upepo mdogo bila ringi kugonga mawe. Tena kuna jambo jingine. Matairi mawili yenye ugumu mmoja wa upepo, moja jembamba na moja pana, yakibeba mzigo mmoja hugusa ardhi kwa ukubwa ule ule. Lakini alama ya jembamba ni ndefu kama kidole, na ya pana ni fupi na nene kama yai. Ile ndefu hulazimisha ubavu wa tairi kubonyea zaidi. Basi pana likiwa na ngozi laini halipotezi kitu, bali hupata kidogo. Angalia tu kwamba lapita katika foku na madigadi. Pande zote mbili ipite ncha ya kidole chako kidogo, maana ringi ikipinda kidogo tairi litasugua, na udongo wahitaji nafasi.

Upepo wa kadiri ni upi? Msiokuwa na kipimo cha pampu, fanyeni hivi. Egemeza baiskeli ukutani. Mtu mmoja apime kwa rula ya mtoto wa shule toka ardhini mpaka ukingo wa ringi. Kisha mwenye baiskeli apande, akae na mzigo wake kama asafirivyo, apimwe tena pale pale chini ya ringi. Tairi lafaa lishuke kama sehemu moja katika saba ya kimo chake. Tairi la milimeta 40 lishuke milimeta 6 hivi, la 50 lishuke 7 au 8. Likishuka 2 tu, umejaza mno. Likishuka 12, ongeza haraka. Gurudumu la nyuma hubeba mafungu matatu katika matano ya uzito, na ukipakia mtu kwenye keria hubeba zaidi, kwa hiyo nyuma huhitaji upepo zaidi kuliko mbele. Usipite kamwe namba ya mwisho iliyoandikwa ubavuni mwa tairi. Kama mzigo ni mkubwa hata namba hiyo haitoshi, basi mzigo huo si wa baiskeli.

Nawe utajuaje kwamba umepunguza mno? Mpira wa ndani utakuambia. Ukipata pancha yenye matundu mawili madogo yaliyokaribiana, kama alama ya meno ya nyoka, si mwiba huo. Ni jiwe lililoubana mpira kwenye ringi. Ongeza upepo.

Mwiba ni habari nyingine, na hapa ndipo uchaguzi unapokuwa mgumu. Nguvu ya tairi haiko katika mpira tu, bali katika nyuzi zilizofumwa ndani yake. Tairi la nyuzi nyembamba nyingi ni laini, hujikunja kama kitambaa, hukimbia vizuri. Tairi la nyuzi nene chache ni kavu kama gunia, hula nguvu, ila mara nyingi ni bei rahisi na hustahimili kukwaruzwa. Wakimbiaji hupenda lile la kwanza. Mimi, kama njia yako yapita katika migunga na mbigili, sikushauri ulitamani sana. Mbigili kiangazi hukauka, na kila mbegu yake ina ncha za kutosha ili moja itazame juu sikuzote. Tairi jembamba la ngozi nyororo litakuweka chini ya mti ukibandika viraka huku wagonjwa wakingoja. Chukua lenye katikati laini kwa umbo, lakini lenye unene wa kutosha hapo katikati, na mbavu zinazokunjika kwa gumba. Utapoteza mwendo kidogo, utapata saa nyingi. Na ukipita penye mbigili, simama upande wa pili, geuza magurudumu polepole, ng'oa kila mbegu uionayo. Mwiba mwingi hautoboi siku uingiapo. Hukaa katika mpira ukisukumwa ndani kidogo kidogo, ukakuumiza kesho yake.

Haya, sasa umekwenda dukani. Hapa baba wengi huliwa fedha zao bila mtu kuwaibia. Anatoka kijijini alfajiri, anafika, anasema, "Nipe tairi la 26." Anapewa. Anarudi kilomita arobaini, fundi anahangaika na vijiko vyake, tairi haliingii, au laingia likalegea kama kofia ya baba juu ya kichwa cha mtoto. Akilirudisha, huambiwa, "Mzee, 26 ni 26." La, 26 si 26. Tairi lililoandikwa 26 x 1⅜ na lililoandikwa 26 x 1.95 ni ya ringi mbili mbalimbali kabisa, moja ina kipenyo cha milimeta 590 na nyingine 559. Vivyo hivyo baiskeli kubwa ya kizamani ina 28 x 1½, ambayo ringi yake ni 635, lakini 28 x 1.75 ni ya ringi ya 622. Hesabu ya sehemu, kama nusu na robo, na hesabu ya nukta si kitu kimoja, hata kama darasani 1¾ na 1.75 ni sawa. Mwalimu wa hesabu atanisamehe.

Dawa yake ni hii. Tazama ubavuni mwa tairi lako la zamani, tafuta namba mbili zenye kistari katikati, kama 40-635 au 37-590 au 50-559. Ya kwanza ni upana kwa milimeta. Ya pili ni kipenyo cha ringi pale tairi linapokalia. Ya kwanza waweza kuiongeza au kuipunguza kidogo. Ya pili usiibadili hata kwa milimeta moja. Andika namba hizo katika karatasi, au mpe mtoto azinakili katika daftari, uende nazo. Kama zimefutika, peleka tairi lenyewe, hata likiwa na matundu.

Dukani usikubali tairi lililotundikwa juani mlangoni mwaka mzima. Jua huua mpira. Kunja ubavu kwa vidole viwili, utazame kwa karibu. Ukiona nyufa ndogo ndogo kama za tope lililokauka, lirudishe hata likiwa jeusi na kung'aa. Nyumbani nako, wako wanaolipaka mafuta ya taa lipendeze siku ya Pasaka. Mafuta hayo huula mpira. Maji na kitambaa yatosha.

Kama una fedha ya tairi moja tu, ulifunge wapi? Wengi watafunga nyuma, kwa sababu la nyuma ndilo lililokwisha. Nakusihi, funga mbele. La nyuma likipasuka, baiskeli huyumba, waweza kusimama. La mbele likipasuka au likiteleza kwenye mteremko, hakuna kuyumba, ni kuanguka, na mama na mtoto wako nyuma yako. La mbele ambalo bado ni zima lihamishie nyuma, jipya likae mbele. La nyuma lililokuwa kipara lisitupwe. Kata kipande chake, ukitunze kwenye mfuko wa vifaa. Siku jiwe litakapochana tairi ubavuni, kipande hicho kikiwekwa ndani, kati ya tairi na mpira wa ndani, kitakufikisha nyumbani. Wako na mafundi wanaolishona tairi kwa uzi. Kazi yao ni nzuri, lakini tairi lililoshonwa likae nyuma, mbele kamwe.

Mwisho, usinisadiki mimi. Jaribu mwenyewe. Tafuta mteremko mfupi unaoishia mahali tambarare, asubuhi mapema kabla upepo haujavuma. Panda juu, achilia breki, shuka bila kukanyaga pedali, uache baiskeli isimame yenyewe. Pale gurudumu la mbele lilipokoma, choma kijiti. Rudia mara tatu, maana mara moja hudanganya. Kisha badili kitu kimoja tu, upepo au tairi, ushuke tena wewe yule yule na nguo zile zile. Kijiti kitakachokwenda mbali ndicho kitakachokwambia kweli ya barabara yako, ambayo si ya Kansas wala si ya kwangu.

Yule katekista alifanya hivyo kwenye mteremko wa karibu na shule. Kwanza kwa matairi yake ya meno, yamejazwa mpaka jiwe. Halafu akapunguza upepo, kijiti kikasogea hatua nne. Halafu akaazima kwa shemeji yake matairi ya mistari, kijiti kikasogea hatua kumi na moja toka pale pa kwanza, na watoto wa shule wakashangilia kama mpira wa miguu. Yale ya meno ameyatundika darini penye giza, yangoje masika. Siku hizi nyumba ya saba huifikia jua lingali juu, na yule bibi humwekea kiti kivulini.